Milango Mitatu ya Lafayette Street: Kuisoma Nyumba ya Zamani ya Zimamoto

Kusini mwa Manhattan, kwenye kona ya Lafayette Street na White Street, limesimama jengo ambalo mgeni akilipita mara ya kwanza hudhani ni kasri la mwinyi wa Kifaransa. Paa lake lina mteremko mkali, kona yake ina mnara wa duara, madirisha yake ya juu yamechomoza kutoka kwenye paa, na mawe yake yamechongwa kwa mtindo wa makasri ya bonde la mto Loire. Halafu macho yanashuka chini na kukutana na milango mitatu mipana yenye matao, kila mmoja unatosha kupitisha gari zima. Hapo ndipo jengo linapojitaja: ni nyumba ya zimamoto. Ilijengwa mwaka 1895 kwa ajili ya Kikosi cha Injini Namba 31, na waliolichora ni kampuni ya Napoleon LeBrun na wanawe.

Wengi wanaoandika kuhusu majengo haya huanza na mapambo na kumalizia na mapambo. Mapambo ni mazuri, na tutayafikia, lakini hayaelezi kwa nini ngazi zimejikunja, kwa nini dari ina matundu, kwa nini nyuma kuna kimnara kisicho na madirisha, wala kwa nini sakafu imeelemea upande wa mlango. Nyumba ya zimamoto ya karne ya 19 ilipangwa kwa kuhesabu vitu vitatu: uzito wa injini ya mvuke, tabia ya farasi, na sekunde zilizopita kati ya kengele kulia na gurudumu la nyuma kuvuka kizingiti. Ukivijua hivyo vitatu, jengo unalisoma lote.

Wakati wa kujitolea

Kabla ya mwaka 1865 New York haikuwa na zimamoto wa kulipwa. Moto ulizimwa na vikundi vya watu wa kujitolea, kila kikundi na pampu yake ya mkono, jina lake, rangi zake na kibanda chake. Pampu hizo zilivutwa kwa kamba na watu wenyewe, na kuzipampu kulihitaji mikono mingi kwa zamu, maana kazi ya kusukuma nondo zile juu na chini humchosha mtu mwenye nguvu kwa dakika chache tu. Kwa hiyo vikundi vilikuwa vikubwa, na kikundi kikubwa cha vijana wenye kibanda chao mtaani huwa chama, huwa baraza, na mwisho huwa siasa. William Tweed, aliyekuja kuishika New York mkononi mwake kama bosi wa siasa, alianza kujulikana akiwa mkuu wa kikundi cha Americus Namba 6.

Moto wa usiku wa tarehe 16 Desemba 1835 ulionyesha ukomo wa mfumo huo. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba maji yaliganda ndani ya mipira ya kurushia maji, na majengo karibu 700 ya eneo la biashara yakateketea. Mwaka 1842 mfereji wa Croton ukaanza kuleta maji ya kutosha mjini, na mabomba ya barabarani yakapata msukumo. Maji yakawepo, kilichobaki ni watu na mashine. Vikundi viligombania bomba lililo karibu na moto, vikapigana, huku nyumba ikiungua.

Jibu lilitoka Cincinnati, mji uliokuwa wa kwanza Marekani kuwa na idara kamili ya zimamoto wa kulipwa wenye injini ya mvuke, mwaka 1853. Injini moja ya mvuke ilifanya kazi ya makumi ya watu, tena haikuchoka. Wajitoleaji wa New York waliipinga kwa miaka, na walikuwa wanajua kwa nini: mashine ile ilifuta haja ya kuwa wengi. Mwaka 1865 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuunda idara ya kulipwa, na mwaka 1870 idara hiyo ikarudishwa chini ya mji wenyewe.

Hapa ndipo umbo la jengo linapozaliwa. Injini ya mvuke ina uzito wa tani nne hivi. Watu hawawezi kuivuta kwa kasi, kwa hiyo farasi wanahitajika. Farasi lazima wawe ndani ya nyumba hiyo hiyo, maana wakikaa zizini mtaa wa pili, moto hauwangoji. Farasi wakiwa ndani, lazima kuwe na chakula chao, maji yao na njia ya kutoa samadi. Na kwa kuwa watu sasa ni wachache na wanalipwa, lazima walale hapo hapo, usiku na mchana. Kibanda cha pampu kikageuka kuwa zizi, karakana na bweni kwa pamoja, juu ya kiwanja kimoja.

Kiwanja cha futi 25

Kiwanja cha kawaida cha Manhattan kina upana wa futi 25 na kina cha futi 100, yaani kama mita 7.6 kwa mita 30. Ondoa unene wa kuta za matofali pande mbili, ubaki na chini ya mita 7. Ndani ya upana huo ipite injini, wasimame farasi, na watu wapate njia ya kukimbia bila kukanyagana.

Napoleon LeBrun alianza kuichorea idara hiyo majengo karibu na mwaka 1880, na hadi 1895 kampuni yake ilikuwa imechora zaidi ya nyumba 40. Alichofanya ni kutengeneza mpango mmoja na kuurudia kwa mabadiliko madogo. Ghorofa ya chini: injini mbele, gari la mipira nyuma yake au pembeni, vyumba vya farasi nyuma. Ghorofa ya kwanza: bweni na chumba cha ofisa, upande wa barabarani wenye hewa na mwanga. Ghorofa ya pili: sehemu ya kupumzikia na ghala la nyasi kavu na nafaka. Chini kabisa, kwenye handaki: tanuri la maji moto na makaa. Michoro ya aina moja ilitumika kwenye nyumba kadhaa, na hilo liliokoa fedha na muda.

Sura ya mbele ilikuwa na tatizo lake. Mlango wa gari ulihitaji kama mita 3 za upana, na pembeni uwepo mlango mdogo wa watu na dirisha. Ukijenga nguzo za matofali zenye nguvu ya kubeba ghorofa mbili juu, zitameza nafasi yote. Ndiyo sababu nyingi za nyumba hizi zina nguzo za chuma cha kusubu kwenye ghorofa ya chini. Chuma cha kusubu hustahimili mgandamizo vizuri sana, kwa hiyo nguzo nyembamba inatosha kubeba mzigo mzito, na juu yake hulazwa boriti ya chuma inayopokea ukuta wa matofali. Mapambo ya maua unayoyaona kwenye nguzo hizo yalimiminwa pamoja na nguzo yenyewe kwenye kalibu, kwa gharama ndogo. Chini ya miimo ya mlango tazama pia mawe magumu ya granaiti yaliyochomoza: yako pale kulinda ukuta usigongwe na kitovu cha gurudumu, na ukiyakagua mengi yana mikwaruzo.

Kikosi Namba 31 kilipata kitu cha pekee: kiwanja cha kona, chenye nafasi ya milango mitatu badala ya mmoja. LeBrun hakuiacha nafasi hiyo ipotee. Kasri lile la Kifaransa lilikuwa kwa mtaa wa viwanda, maghala na ofisi za serikali, na ujumbe wake kwa wapita njia ulikuwa wazi: mji huu sasa unatumikiwa na idara ya kudumu, si na vijana wa kibanda. Baada ya kashfa za wizi za enzi ya Tweed, mji ulihitaji majengo ya umma ambayo mlipa kodi akiyatazama anaona fedha yake ilikokwenda.

Kengele inapolia

Sehemu hii ndiyo kiini cha jengo, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua.

Mtu anaona moto. Anakimbilia kisanduku kilicho kwenye nguzo ya barabarani na kuvuta mkono wa ndani. Mfumo huo wa visanduku vya telegrafu ulianzishwa Boston mwaka 1852 na William Channing na Moses Farmer. Ndani ya kisanduku kuna springi kama ya saa na gurudumu lenye meno yaliyokatwa kwa mpangilio maalumu. Springi ikifunguka, gurudumu linazunguka, na meno yake yanakata na kuunganisha mkondo wa umeme. Kisanduku namba 45 hukata mara nne, kikatulia, kikakata mara tano, kisha hurudia. Waya huwa na umeme muda wote. Taarifa hutolewa kwa kuukata. Ukiwaza, ni busara kubwa: waya ukikatika kwa bahati mbaya, ukimya wenyewe ni taarifa kwamba kuna hitilafu, na fundi anatumwa.

Ndani ya nyumba, karibu na mlango wa mbele, pana meza ya zamu. Mtu mmoja hukaa hapo saa zote. Juu yake ukutani kuna kengele ya shaba iliyo kama sahani kubwa, na kando yake kifaa kinachotoboa ukanda wa karatasi kila mpigo, ili asiyehesabu vizuri kwa sikio ahakikishe kwa jicho. Anahesabu, anaangalia kadi: kisanduku hiki kinahusu vikosi vipi? Lakini farasi hawasubiri ahesabu. Mpigo wa kwanza huachia sumaku, uzito mdogo unaanguka, na uzito huo unavuta makomeo ya vyumba vya farasi vyote kwa mara moja. Milango yao inafunguka yenyewe.

Farasi waliozoezwa vizuri walitoka wenyewe na kwenda kusimama kila mmoja mahali pake mbele ya injini. Matandiko yao hayakuwa mgongoni. Yalining'inia darini kwa kamba na springi, juu kabisa ya pale watakaposimama. Mtu anavuta, matandiko yanashuka, ukosi wa shingoni uliokatwa katikati na kuwekewa bawaba unafungwa kwa kubana mara moja, hatamu zinanaswa kwa vikulabu vya haraka, na fremu iliyoyabeba inaruka tena darini. Kwenye nyumba nyingi za zamani ukiangalia dari ya mbele bado utaona pete na kapi za kuning'inizia. Injini kubwa ilivutwa mara nyingi na farasi watatu waliofungwa sambamba, gari la mipira na wawili. Kikosi kilichozoea kilitoka nje chini ya dakika moja.

Wakati huo huo kuna jambo la boila. Maji baridi kwenye boila ya injini huchukua dakika tano hata kumi kutoa mvuke wa kufanya kazi, na injini ikifika kwenye moto bila mvuke ni mzigo tu wa chuma. Suluhisho ni lile tanuri la handakini. Mabomba mawili hupanda kutoka kwenye tanuri, hutoboa sakafu, na kuungana na boila ya injini iliyosimama juu yake, ili maji ya moto yazunguke ndani yake muda wote. Muungano una vali zinazojifunga: injini ikivutwa mbele, mabomba yanaachana yenyewe na hakuna maji yanayomwagika. Chini ya boila kuna vijiti vikavu na vipande vya mbao vilivyopangwa tayari. Moto wenyewe huwashwa injini inapotoka mlangoni, kwa sababu ukiwashwa mapema nyumba nzima inajaa moshi. Kwa maji yaliyokwisha kupashwa, muda wa kupata mvuke hupungua zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya muda huo huisha njiani.

Sakafu nayo inasaidia. Imeteremka kidogo kuelekea barabarani. Kazi yake ya kila siku ni kutoa maji ya kuoshea, ila mteremko huo huo unawapa farasi nafuu ya kuanza kuvuta tani nne kutoka kusimama, ambapo ndipo nguvu nyingi zaidi huhitajika.

Nguzo, ngazi na nyasi

Watu wako ghorofani, wamelala. Wakishuka ngazi watu kumi au kumi na watano kwa pamoja, wanabanana. Nguzo ya kuteleza ilitokana na tatizo hili, na asili yake haiko New York bali Chicago, kwenye Kikosi cha Injini Namba 21, kikosi cha kwanza cha Wamarekani weusi katika mji huo. Mwaka 1878 mmoja wao, George Reid, alikuwa juu kwenye ghala la nyasi kengele ilipolia, akashuka kwa kuteleza kwenye mti uliotumika kufungia nyasi, akawa wa kwanza kufika chini. Kapteni David Kenyon aliona maana yake. Akaomba ruhusa ya kutoboa sakafu, wakachonga nguzo ya msonobari wa Georgia yenye kipenyo cha inchi 3 hivi, wakailainisha na kuipaka vanishi na nta ya mafuta ya taa. Vikosi vingine viliwacheka, hadi Namba 21 walipoanza kuwa wa kwanza kufika kwenye moto mara kwa mara. Boston ikaweka nguzo ya shaba ya njano mwaka 1880, kwa sababu mti hutoa vibanzi na hupinda kwa unyevu, na shaba ikishikwashikwa huzidi kuwa laini.

Inafaa kulisema hili wazi: kifaa ambacho watoto wa dunia nzima hukichora wakichora zimamoto kilitoka kwa watu weusi waliopewa kikosi cha peke yao kwa sababu ya ubaguzi. Hilo halisemwi vya kutosha.

Nguzo ina hatari zake. Tundu la sakafuni limeua na kuvunja watu miguu, hasa usiku, mtu anapoamka nusu usingizi na kukanyaga hewa. Kwa hiyo tundu lilizungushiwa reli, baadaye likawekewa vifuniko vya springi, na chini pakawekwa godoro au mpira mnene. Jengo la ghorofa tatu halifai kuwa na nguzo moja ndefu, kwani mtu hupata kasi isiyodhibitika. Hutumika nguzo mbili fupi zilizotengana, unashuka moja, unapiga hatua chache, unashuka ya pili.

Kuhusu ngazi zilizojikunja kama konokono, utasikia popote kwamba ziliwekwa ili farasi wasipande ghorofani. Farasi ni kweli hupanda ngazi za kawaida, hasa wakinusa nyasi juu, na huogopa kushuka. Lakini tazama tena upana wa kiwanja: ngazi iliyojikunja inakula eneo la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, ilhali ngazi iliyonyooka ingeziba njia yote ya pembeni mwa injini. Pale ambapo kiwanja kilikuwa kipana, ngazi zilizonyooka zilijengwa, nyuma ya mlango. Nafasi ilikuwa sababu tosha, na farasi akawa sababu ya kuongezea.

Nyasi ndizo zilizoleta taabu zaidi kwa jengo. Farasi mkubwa wa kuvuta hula kama kilo kumi na mbili za lishe kavu kwa siku. Farasi watano ni kilo 60, na kwa wiki mbili ni karibu tani nzima inayokaa juu ya vichwa vya watu waliolala. Mzigo huo ulipandishwa kwa kapi iliyofungwa kwenye boriti iliyochomoza juu ya dirisha la ghorofa ya juu, na ulishushwa kwa mrija wa mbao hadi kwenye hori. Ajabu ni kwamba nyumba ya kuzimia moto ilibeba darini kitu kinachowaka kuliko vyote mtaani. Ndiyo maana dari za ghorofa ya chini zilifunikwa mabati yaliyopigwa chapa: cheche za injini zisipate mbao, na dari ziweze kufutwa masizi.

Chini, mkojo wa farasi ulikuwa unakula jengo taratibu. Unapenya kati ya mbao, unaozesha maboriti kuanzia kwenye ncha zinazoingia ukutani, mahali pasipoonekana, na amonia yake huharakisha kutu kwenye vitako vya nguzo. Sakafu za vyumba vya farasi zilipewa mteremko mkali zaidi na mfereji, lakini mbao hazikudumu. Mtu anayekarabati nyumba kama hii leo afungue sakafu ya nyuma kwanza kabla ya kugusa chochote cha mbele, maana uozo wa miaka mia huanzia huko.

Kimnara cha nyuma

Mipira ya wakati ule ilikuwa ya pamba iliyofumwa, ndani ina utando wa raba. Pamba ikikaa mbichi huota ukungu na kupasuka siku ya kazi. Ikikunjwa ikiwa mbichi, raba hupata ufa kwenye kunyanzi. Kila pande la mpira lina urefu wa futi 50, yaani mita 15. Kulikausha vizuri ni kulining'iniza likiwa wima ili maji yatiririke yenyewe. Hapo unapata kimnara cha mita 15 na zaidi, au nusu ya hapo ikiwa pande linakunjwa katikati juu ya kigingi, na kapi juu yake na matundu ya hewa. Mipira ya nyuzi za kisasa ilipokuja katikati ya karne ya 20, isiyooza, minara hiyo ikabaki bila kazi.

Isichanganywe na minara ya walinzi. Hiyo ni ya zamani zaidi, ya kukaa mtu na darubini na kupiga kengele akiona moshi. Telegrafu iliiua. Mmoja wa chuma cha kusubu, uliobuniwa na Julius Kroehl miaka ya 1850, bado upo Harlem kwenye Marcus Garvey Park; ulibomolewa vipande vipande kukarabatiwa na kurudishwa mwaka 2019.

Baada ya farasi

Tarehe 20 Desemba 1922 Kikosi Namba 205 cha Brooklyn kilitoka kwa mara ya mwisho na farasi, na New York ikawa imemaliza enzi hiyo. Vyumba vya farasi vikawa majiko, maghala ya nyasi yakawa makabati na sehemu za mazoezi. Harufu iliondoka, nzi wakaondoka, na watu wakapata nafasi.

Uzito, hata hivyo, ulianza kupanda. Injini ya mvuke na farasi wake watatu ilikuwa kama tani sita jumla, tena farasi wanasambaza uzito wao kwenye kwato kumi na mbili. Gari la pampu la leo lenye maji ndani linakaribia tani 20, na gari la ngazi ni zaidi, na uzito wote uko kwenye magurudumu machache. Sakafu iliyojengwa juu ya handaki kwa matao ya matofali kati ya mihimili ya chuma haikuhesabiwa kwa mzigo huo. Majengo mengi yalilazimika kujaziwa handaki, au kuongezewa nguzo na mihimili chini ya njia za magurudumu, au kumiminiwa zege jipya.

Zege nalo lina adui. Wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Gari linarudi na chumvi hiyo chini ya tumbo, inadondoka, maji ya kuoshea yanaipeleka kwenye nyufa, na inafikia nondo. Nondo ikishika kutu huvimba kuwa na ujazo mara kadhaa wa chuma cha awali, na zege linabanduka kutoka chini, upande wa handaki, ambako hakuna anayetazama. Dalili ya mapema ni mistari ya rangi ya kahawia kwenye dari ya handaki. Ukiiona, kupaka rangi ni kuficha ugonjwa.

Mlango ni kikwazo kingine. Gari la kisasa lina upana wa mita 2.5 bila vioo vya pembeni, na mlango wa zamani una mita 3. Vituo vipya hujengwa na milango ya mita 4 na zaidi. Kuupanua mlango wa jengo lililohifadhiwa maana yake ni kukata zile nguzo za chuma, yaani kuondoa kinachobeba uso wote wa nyumba. Baadhi ya idara huona rahisi zaidi kuagiza magari mafupi na membamba.

Na wakati mwingine ni barabara inayolifuata jengo. Kikosi cha Ngazi Namba 8, North Moore Street, kilijengewa mwaka 1903 nyumba ya milango miwili, mchoro wa Alexander Stevens. Kuanzia mwaka 1913 Varick Street ilipanuliwa kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi, na nusu ya nyumba ikaondolewa. Uso uliobaki ni wa mlango mmoja, na umekaa sawasawa kiasi kwamba asiyejua hawezi kudhani kilichokatwa. Ulinganishe na nyumba ya Kikosi cha Injini Namba 33, Great Jones Street, iliyochorwa na Ernest Flagg na mwenzake na kumalizika mwaka 1899, yenye tao moja kubwa linalopanda hadi ghorofa ya juu. Nyumba hiyo ingali na kikosi ndani yake.

Kosa la ukarabati linalofanyika zaidi liko kwenye kuta. Matofali ya karne ya 19 yalichomwa kwa joto la chini na ni laini. Yalijengwa kwa chokaa, ambayo hupumua na kuacha unyevu utokee kwenye maungio. Fundi akija na kuziba maungio kwa saruji ngumu, unyevu unakosa njia, unatokea kwenye tofali lenyewe, unaganda wakati wa baridi, na uso wa tofali unang'oka kama ganda. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja na wa Lamu wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine, pale ukuta wa mawe ya matumbawe unapopigwa lipu ya saruji na kuanza kutoa chumvi na kubomoka kwa ndani. Tiba ni ile ile pande zote mbili: kuondoa saruji kwa uangalifu na kurudisha chokaa.

Kikosi Namba 31 kilivunjwa mwaka 1972, mwaka ule ule jengo lilipoingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Mji wenyewe ulikuwa umelitangaza kuwa urithi tangu 1966. Hifadhi hiyo iliulinda uso wake, lakini jengo bila mtu ndani huharibika hata likiwa na karatasi zote. Aliyeliokoa ni mpangaji: kituo cha televisheni ya jamii cha DCTV, kilichohamia humo mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2022 kikafungua ukumbi mdogo wa sinema ya hali halisi kwenye ghorofa ya chini.

Kwa nyumba ambazo bado zina vikosi, tatizo la leo liko hewani. Tundu la nguzo, lililobuniwa kuokoa sekunde, ni bomba la moshi: gari la dizeli likiwashwa chini, hewa moto hupanda moja kwa moja hadi bwenini na kwenye godoro. Mwaka 2012 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaoshughulikia saratani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Baadhi ya nyumba zimeziba matundu, nyingine zimeyajengea vyumba vyenye milango inayojifunga. Na kwenye sakafu ya magari umefungwa mpira mnene unaoshikwa kwenye bomba la moshi la gari na kuvuta hewa chafu hadi nje ya paa. Gari likitoka, mpira unasafiri nalo kwenye reli ya darini, na likifika kizingitini unajiachia wenyewe, pale pale ambapo injini ya mvuke ilikuwa ikianza kuwashwa moto wake.